Chai ya rangi kutwa nzima, ndimu usiku: nilivyoyatesa meno yangu

Baada ya harusi ya mdogo wangu kule Tanga, mpiga picha alinipigia simu. "Kaka, samahani, hizi picha nikuwekee meno meupe au niyaache yalivyo?" Nilicheka, halafu nikaenda kujitazama kwenye kioo. Kati ya jino na jino kulikuwa na mistari ya kahawia, na nyuma ya meno ya chini ndiyo usiseme. Sivuti sigara wala sili tambuu. Nauza vitambaa Kariakoo na ninakunywa chai, na kahawa jioni, basi.

Wakati huo chupa yangu ilikuwa ikijazwa saa mbili asubuhi, chai ya rangi yenye mdalasini na karafuu, na mpaka tunafunga duka kikombe hakibanduki mezani. Mteja akija nakiweka, akiondoka napiga funda. Ukivihesabu vikombe havizidi vinne, na kwa mtu wa Tanga hivyo si vingi. Tatizo ni hayo mafunda. Majani ya chai yana tanini, kitu kilekile kinachokausha ulimi ukinywa chai iliyochemka kupita kiasi, na kinachoacha duara la kahawia ndani ya kikombe. Aliyewahi kuosha vyombo analijua duara hilo. Kwenye jino tanini hushika ule utando wa mate na ukoga. Ukimaliza vikombe vyako kwa mkao mmoja, mate yanapata saa nzima nzima za kukosha kinywa. Ukinywa kidogo kidogo kutwa, meno yanashinda yamelowekwa.

Hayo nilielezwa na daktari wa meno, lakini kabla ya kumfikia nilikwishapita kwa madaktari wa mtaani. Mmoja aliniambia nisugue kwa mkaa uliosagwa, mwingine ndimu na chumvi. Nikachanganya vyote, kila usiku, kwa wiki tatu. Wiki ya kwanza niliona weupe na nikajisifu. Wiki ya tatu maji ya baridi yalinipiga ganzi ya meno mpaka machozi yakanitoka. Ndimu ni asidi: inalainisha gamba la juu la jino, na mkaa unakuja kulikwangua. Chini ya gamba hilo jino lenyewe lina rangi ya manjano, kwa hiyo kadiri unavyosugua ndivyo unavyoikaribia manjano. Na gamba likiisha halioti tena.

Kwa sababu hiyohiyo, juisi ya ukwaju, embe bichi la pilipili na soda vinaingia kwenye orodha ya vinavyochafua meno hata kama havina rangi kali. Vinalainisha jino, na chai au kahawa inayofuata inapata pa kushika. Kosa langu jingine lilikuwa kukimbilia mswaki mara tu baada ya kunywa ukwaju, nikidhani ndiyo usafi. Sukutua kwa maji matupu, kisha subiri nusu saa au zaidi ndipo upige mswaki. Mrija nao unasaidia kwa vinywaji baridi.

Zambarau zisikutishe. Zinapaka ulimi zambarau, watoto wanashindana kutoa ndimi, na haichukui muda inatoka. Bizari ya manjano kwenye mchuzi inapaka pia, lakini kwa mlo mmoja kwa siku sioni sababu ya kuacha mchuzi wa samaki. Dawa ya maji ya kuongeza damu ndiyo ya kuangalia, hasa kwa watoto. Inaweza kuacha weusi kwenye meno, basi mpe maji baada ya dawa.

Tambuu ni habari nyingine. Bibi yangu alikula tangu ujana wake: jani, popoo (ile kokwa ngumu inayotafunwa), chokaa na katu (dawa ya kahawia inayotolewa kwenye mti), na meno yake yalikuwa mekundu yanayoelekea weusi. Wekundu ule hutokea popoo na katu zikikutana na chokaa. Kwake ulikuwa urembo, na mimi nilipokuwa mdogo niliona hivyo pia. Lakini rangi ndiyo hasara yake ndogo. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaihesabu popoo miongoni mwa vinavyosababisha saratani, hata bila tumbaku. Mwenye kula akiona kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona, asikae nalo.

Tena, si kila jino la kahawia limeharibiwa na chakula. Mwenzangu dukani ni mtu wa Arusha, na kwa miaka mingi tulimtania kuhusu kahawa. Masikini, hata hanywi. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floridi kwa wingi, kuzidi miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa kikomo, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yangali yanajijenga ndani ya ufizi, rangi inazaliwa nayo. Magadi ya kulainishia makande nayo yanaweza kuongeza floridi. Hapo mswaki hauna la kufanya. Nilimwomba radhi.

Mimi daktari alinisafisha kwa mashine, ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu, ukatoka vipande vipande, na mistari mingi ikaenda nao. Ganzi ilipungua polepole. Chai sasa ni asubuhi na saa kumi, kikombe kinaisha kinaondolewa, na cha asubuhi nakitia maziwa, maana protini ya maziwa huikamata tanini kabla haijalifikia jino. Kahawa ya jioni barazani sijaiacha na sina mpango. Nikimaliza naomba maji nisukutue pembeni. Siku ya kwanza muuza kahawa alikichukua kikombe changu akakichungulia, akidhani nimekuta nzi.