Jibu: Taa za urujuanimno zinawaka lakini bakteria bado wamo

Ndugu, umeuliza kwa nini vipimo vya majitaka yako bado vinaonyesha bakteria wa kinyesi ilhali taa za urujuanimno (UV, mwanga usioonekana wa kudhibiti vijidudu) zinawaka saa zote. Taa kuwaka hakutoshi; lazima mwanga umfikie kijidudu. Miale ya taa hizo, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, huharibu DNA yake asiweze kuzaana, ila chembe za uchafu humkinga kama mwavuli. Kwa hiyo anza na maji yenyewe: yakiwa bado na ukungu, rekebisha utuaji (uchafu kuzama chini) na uchujaji kabla ya kufikiria kununua taa nyingine.

Kisha kagua mirija ya kioo cha kwatzi inayofunika taa. Chuma na chokaa huganda juu yake, na utando huo, hata ukiwa mwembamba, hula mwanga mwingi. Isafishe kwa asidi ya sitriki. (Zima umeme kwanza, tafadhali sana, miale hiyo huunguza macho na ngozi.)

Halafu, sampuli unaichukulia wapi? Urujuanimno hauachi kinga majini kama klorini, na baadhi ya bakteria hujitibu wakipigwa na jua. Ichukue maji yanapotoka tu kwenye taa, uiweke gizani. Ukiichukua mbali, kwenye mfereji wa wazi, utailaumu taa bure.