Maswali ya wasomaji: Tunauza umeme wa jua, sava yetu ikizimika wateja wanakaa giza

Mwezi huu barua za sola na kompyuta zimekuja nyingi, nimechukua tatu. Ya kwanza ndefu lakini nimeiacha kama ilivyo manake kila sentensi ina tatizo lake.

Assalaam aleykum mwalimu. Mimi na kaka yangu tulianza na kiduka kimoja hapa Chake Chake cha kuuza taa na betri za sola, sasa alhamdulillah tuna Wete, tuna Mkoani, na mwaka huu tumefungua Amani kule Unguja. Mteja anachukua kifaa analipa kidogo kidogo, akilipa kwa simu sava yetu inatoa namba, inamfikia kwa meseji, anaibonyeza kwenye kifaa chake taa zinawaka, asipolipa kifaa kinajifunga chenyewe. Pia tunafunga pampu za wakulima na mifumo mikubwa ya hoteli. Sava yenyewe ni kompyuta iko chumba cha nyuma chini ya meza, ina Windows Server 2012, ndani yake mna kila kitu, madeni ya wateja, mishahara, mikataba, picha za kazi zote tulizofunga. Sasa msimu wa karafuu watu wana pesa, siku ya Alkhamis wamelipa wengi khasa, baada ya Magharibi umeme ukakatika mjini, UPS, ile betri ya dharura ya kompyuta, ikadumu nusu saa ikafa, kijana anayejua sava yuko harusini Mkoani simu hapokei. Mpaka asubuhi watu wamelipa na namba hawana, wamelala giza. Mzee mmoja akanipigia akanambia "Bi, nyinyi mnauza umeme wa jua, mbona mmezimika na umeme wa shirika?" Sikuwa na la kujibu. Sasa kampuni moja imetupa kotesheni ya kuhamisha kila kitu kwenda klaudi, yaani kompyuta za mbali tunazozikodi na kuzifikia kwa intaneti, kwa wikendi moja, malipo kwa dola kila mwezi. Kaka anataka tusaini. Mimi naogopa, intaneti ikikatika itakuwaje? — Dada wa sola, Chake Chake

Waaleykum salaam dada yangu. Huyo mzee kakupa jibu la bure kabla yangu. Mganga hajigangi ndo huku! Kabla hujafikiria klaudi wala dola, leo hii mtume fundi wako apande juu ya paa la duka lako mwenyewe. Hesabu hii unaijua kunishinda, kompyuta ya wati 150 kwa saa 12 za usiku inakula uniti 1.8, betri moja ya lithiamu ya 12V 200Ah ina uniti 2.4, inabeba mpaka alfajiri na chenji inabaki. Fanya hilo hata kama mwezi ujao unahama, kwa sababu rauta na kompyuta za kaunta bado zitakuwepo hapo hapo dukani na bila hizo hata klaudi yenyewe hutoiona.

Lakini sola itakuponya umeme tu. Haitokuponya chumvi ya bahari inayokula vyuma vya ndani ya kompyuta, wala mwizi, wala kijana mmoja anayejua kila kitu akawa harusini. Na hiyo Windows Server 2012 Microsoft waliacha kuitolea viraka vya kawaida vya usalama tangu Oktoba 2023, maana yake tundu lolote linaloonekana leo linabaki wazi, na humo ndo mna madeni ya wateja wako wote. Kwa hiyo kuhama nakubali uhame. Ninachokataa ni hiyo wikendi moja.

Hebu nikuulize, mteja akija dukani akisema "nipe paneli", unampa? Humpi. Unamuuliza kwanza ana taa ngapi, friji anayo, feni inazunguka saa ngapi, ndo unajua umuuzie nini. Sasa hao wenye kotesheni wamehesabu mzigo wako? Kaa na kaka yako na yule kijana mchana mmoja, mwandike kila kazi inayofanywa na ile kompyuta, nani anaitumia, na ikisimama saa moja nani anaumia. Utaona vitu havilingani hata kidogo. Kile kinachotoa namba kikisimama saa moja watu wanakaa giza. Mishahara ikisimama wiki hakuna atakayejua isipokuwa tarehe 30. Picha za kazi za zamani zikisimama mwezi nani atauliza?

Basi kitoa namba na daftari la wateja ndo vitangulie, navyo visihamishwe kama vilivyo. Iko njia ya kuinyanyua kompyuta nzima na kuiweka klaudi na Windows yake ile ile, ni rahisi na ndo inayowezekana wikendi moja, lakini hapo umehama nyumba umebeba na paa lako linalovuja, 2012 ikiwa klaudi bado ni 2012. Mwulize aliyekutengenezea programu kama analo toleo jipya linaloendeshwa klaudi. Mishahara na mahesabu usihamishe chochote, kodi programu iliyo tayari onlaini, ingiza salio za mwisho wa mwezi, daftari lake la zamani liache liwe la kusoma tu. Picha na mikataba ndo mzigo mzito. Tuseme ni GB 400 na laini yako inapandisha Mbps 5, hapo ni zaidi ya siku 7 usiku na mchana bila kukatika, na huku kwetu neno "bila kukatika" unalijua mwenyewe. Zipakie kidogo kidogo usiku, au mpe mtu wa duka la Amani diski apande nayo boti akapakie kule kama laini yao ni nzuri zaidi. Usicheke, watu wazima wanafanya hivo.

Sasa hofu yako ya intaneti. Iko sahihi, na nakuomba usiiache. Sie watu wa visiwa kila kitu kinatufikia kwa waya uliopita chini ya bahari. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa 2010, kabla ya hapo ilikuwa majenereta ya dizeli ya Wesha. Unguja waya wao uliharibika Desemba 2009 wakakaa giza miezi mitatu mpaka Machi, aliyekuwepo mjini hajasahau ile harufu ya petroli na makelele kila uchochoro. Na intaneti ndo vile vile, tarehe 12 Mei 2024 waya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kule kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania nzima ikawa inakokota siku kadhaa. Sasa klaudi yako ikiwa Cape Town, siku kama ile inakuwa mbali kama mwezi.

Ndo wahenga wakasema usiache mbachao kwa msala upitao. Ile kompyuta usiitupe, au nunua ndogo mpya, iweke pale pale kwenye betri yako, kila usiku ivute nakala ya daftari la wateja kutoka klaudi, na iweze kutoa namba yenyewe ikibidi. Zuri la mfumo wako ni kwamba kifaa cha mteja hakihitaji intaneti kabisa, kinahitaji namba tu, hata ukimsomea kwa simu anabonyeza. Hapo lakini pana mtego, namba hizi huwa zinakwenda kwa mpangilio kwa kila kifaa, klaudi ikitoa yake na duka likatoa yake zinaweza kugongana kifaa kikakataa. Kwa hiyo mtengenezaji akupe utaratibu wa dharura kwa maandishi, na mujaribu kweli: Ijumatatu moja asubuhi chomoa rauta kwa makusudi, muone mnafanyaje. Na kila duka liwe na njia mbili za intaneti za kampuni tofauti, hata ya pili ikiwa ni simu yenye bando.

Nakala nyengine iwe sehemu ya tatu kabisa. Tarehe 10 Machi 2021 kule Strasbourg, Ufaransa, jengo la kampuni ya OVHcloud liliungua moto, wako waliokuwa wanalipia klaudi vizuri tu na wakapoteza kila kitu kwa sababu bakapu yao ilikuwa pale pale. Klaudi ni kompyuta ya mtu mwengine, inaungua kama yako. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari moja nalo halitoshi.

Kuhusu dola. Klaudi unalipa unachotumia, na kuna siku mtu anawasha mashine ya majaribio anasahau kuizima, mwisho wa mwezi unashika kichwa. Weka tahadhari ya matumizi siku ya kwanza, ikifika kiasi fulani wewe na kaka mpate meseji. Jua pia kuingiza data kwa kawaida ni bure ila kuitoa kunalipiwa, sawa na hodi hodi za watu fulani, kuingia karibu kutoka uache kitu. Mkataba wa mwaka mzima kwa bei nafuu watakuonesha, usisaini kabla ya miezi mitatu ya bili halisi.

La mwisho na ndo lililowahi kunitoa jasho mwenyewe. Niliwahi kusimamia kuhama kwa ofisi moja, kijana wetu akafungua akaunti kuu kwa imeli yake binafsi na namba yake ya simu, hakuna aliyeona tabu. Miezi minane baadae kaenda zake Oman, simu kabadilisha, na neno la siri likagoma. Tulikuwa tunalipa bili ya nyumba tusiyo na ufunguo. Tulikaa wiki tatu tunaandikiana barua na watu wasiotujua mpaka wakakubali kwamba ofisi ni yetu. Akaunti kuu iwe kwa imeli ya kampuni, wewe na kaka nyote muwe na uwezo, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe, na zile namba za akiba za kuingilia simu ikipotea uzichape kwenye karatasi uzifungie kasha la hati za nyumba. Kijana apewe akaunti yake ya kazi inayofungika siku anapoondoka.

Na usihame msimu wa karafuu! Subiri vuno lipite pesa zitulie, endesha ya zamani na mpya pamoja mwezi mzima, kila jioni mtu alinganishe malipo ya huku na ya kule mpaka shilingi. Siku zikilingana mfululizo, hapo zima ya zamani. Kotesheni ya wikendi moja mrudishieni wenyewe.

Mambo vipi kaka. Mie fundi, tunahudumia sola za hoteli Nungwi mpaka Paje, inveta 60, kila moja inatoa usomaji kila dakika 5, kazi yangu nnazishusha kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji naweka Excel. Imekuwa nzito inagoma kufunguka, bosi anasema tununue kompyuta kubwa. — Fundi, Bububu

Mdogo wangu, mwambie bosi aziweke pesa zake mfukoni. Dakika 5 ni usomaji 288 kwa siku, mara inveta 60 ni 17,280. Karatasi moja ya Excel mwisho wake ni mistari 1,048,576, kwa hiyo inajaa siku ya 61, ununue kompyuta kubwa kama meli bado itajaa siku ya 61. Unachotaka ni hifadhidata, yaani programu ya kutunza data nyingi, iwe ndogo tu, hata ya bure, ivute data yenyewe badala ya wewe kukaa unashusha kama mvuvi wa ndoana. Usomaji wa dakika 5 weka miezi mitatu, baada ya hapo bakisha wastani wa kila saa, hutohitaji zaidi isipokuwa kuna mgogoro na hoteli.

Na angalia, mnabishana kuhamia klaudi na nyinyi mshahamia zamani! Hiyo tovuti ya watengenezaji unayoshusha data ndo klaudi yenyewe. Swali ni akaunti za inveta zile zimeandikwa jina la nani. Kama ni lako, fanya kama nilivyomwambia dada hapo juu, kabla hoteli haijauzwa kwa mwengine ikaanza fitna.

Mwanangu, sisi tunakopesha pampu za sola, tunachukua kopi ya Zan ID, kitambulisho cha Mzanzibari, ya kila mkulima. Je tunaruhusiwa kuziweka kwenye kompyuta za nje ya nchi? — Mzee wa Wete

Shikamoo mzee wangu. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake, na kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti. Zile klaudi kubwa za karibu yetu ziko Afrika Kusini, Microsoft walifungua Johannesburg 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024, kote huko ni nje. Mwanasheria akusomee mkataba kabla ya kupakia, ni pesa ndogo kuliko faini.

Ila mzee, jiulize kama unaihitaji hiyo picha. Ukishaitazama na kuandika namba yake kwenye daftari la mkopo, kopi ya nini tena? Usichokiweka hakikuletei kesi. Na kabla hujaogopa Johannesburg, waulize mafundi wako wanazituma vipi hizo kopi kutoka shamba, nnavyowajua mimi zote ziko kwenye simu zao, kwenye WhatsApp, baina ya picha za harusi na za mpira. Hizo ndo zifutwe kwanza, wiki hii.