wchar_t: jinsi Mwanaisha alivyogeuka M

Mkuu uliyeuliza kama uibadilishe programu yako yote ya lugha ya C itumie wchar_t (aina ya data ya C ya kuwekea "herufi pana", pana kuliko char ya kawaida), kwa vile Linux inaonyesha maandishi sawa na Windows inakutolea viboksi: usithubutu. Mimi nilithubutu.

Niko Tanga, Ngamiani. Mwaka juzi niliwaandikia wafugaji fulani programu ya kupokelea maziwa: jina, lita za asubuhi, lita za jioni, maelezo. Nimeiandikia kwenye laptopu yangu ya Linux, majina yote ndani ya wchar_t, nikayamwaga kwenye faili kwa fwrite kama yalivyo, baiti kwa baiti. Kwangu ikaenda kama maji. Nikabeba flashi hadi kituoni, kompyuta yao Windows, mama wa mapokezi akafungua orodha: M, A, S, M. "Mwanangu, huyu M ni Mwanaisha au Mwajuma? Maana wote wananidai."

Kumbe kiwango cha C hakijapanga ukubwa wa wchar_t. Linux ni baiti nne, Windows mbili. M yangu iliandikwa 4D 00 00 00. Windows ikazisoma mbilimbili: 4D 00, hiyo ni M, halafu 00 00, na sifuri kwenye C ndiyo mwisho wa neno. Mwanaisha akaishia hapo. Na hizo baiti mbili zenyewe hazitoshi, kwa sababu Yunikodi, ile orodha inayoipa kila herufi ya dunia namba yake, inafika hadi 10FFFF (kwa heksadesimali). Emoji ya ng'ombe (U+1F404) pale Windows inakula wchar_t mbili, kwa hiyo hata kuhesabu herufi kwa wcslen, inayohesabu wchar_t, ni kujidanganya.

Sasa hivi natumia UTF-8 (namna ya kuandika Yunikodi kwa baiti moja hadi nne kwa kila herufi) ndani ya char ya kawaida, kwenye kumbukumbu na kwenye faili. Windows ikitaka herufi zake pana, nageuza mlangoni tu: MultiByteToWideChar na CP_UTF8 kabla ya kufungua faili kwa _wfopen, WideCharToMultiByte wakati wa kurudi, na SetConsoleOutputCP(CP_UTF8) mwanzoni mwa main ili skrini ielewe UTF-8. Vyote viko kwenye faili moja chini ya #ifdef _WIN32, yaani vinakompailiwa kwenye Windows tu. Ukikompaili kwa kompaila ya Microsoft usisahau /utf-8.

Kukata maneno marefu ndiko kunakoleta uchafu mwingi. Usikate katikati ya herufi. Rudi nyuma kwanza (s ni neno, n ni baiti unapotaka kukatia; sharti la 0x80 linazitambua baiti za kuendeleza herufi, zisizo za kuianza):

while (n > 0 && (s[n] & 0xC0) == 0x80) n--;
s[n] = 0;

Kuhesabu herufi ni hesabu hiyohiyo: ruka kila baiti inayotimiza sharti hilo. Na printf("%-20s") inapanga kwa baiti, si kwa herufi, ndiyo maana safu za orodha hupinda. Jaza nafasi mwenyewe. Wala usichanganye printf na wprintf (ile ya herufi pana) kwenye stdout moja.

Lililonitesa zaidi halikuwa hata la Windows. Ukitafuta "ng'ombe" kwenye maelezo, nusu ya rekodi hazionekani. Siku mbili nalaumu msimbo wangu! Kumbe maelezo mengine yalinakiliwa kutoka kwenye simu, na simu ilikuwa imeweka ile alama iliyopinda, U+2019. Kwa macho ni ng'ombe yuleyule, ila strlen (idadi ya baiti) ya mmoja ni 7 na ya mwenzake ni 9, strcmp inayolinganisha baiti itawajuaje? Hata usanifishaji wa Yunikodi (NFC, NFKC), ule wa kuleta maandishi kwenye umbo moja, hauzigeuzi alama hizo mbili kuwa moja. Nimeandika mistari minne inayobadilisha alama zilizopinda kuwa ya kawaida pale data inapoingia. Sisi wa ng' hiyo hatuikwepi, iwe wchar_t au isiwe.

Jaribu na hii, faili lako liwe limehifadhiwa kwa UTF-8:

"ng’ombe چ 🐄"

strlen ikupe 17, na hesabu ya herufi 11, Linux na Windows. Ukipata vingine, bandika msimbo hapa tuutazame.