Kwa Anayeanza Kazi ya Masoko: Ijue Kwanza Hofu ya Mnunuzi

Vijana wengi wanaojiunga na kazi ya masoko siku hizi huja wakiwa mahiri wa kutengeneza video fupi, kulipia matangazo ya Instagram na kuhesabu waliotazama, lakini hawajajiuliza kwa nini mtu aliyeuliza bei, akaomba picha ya pili na ya tatu, mwishowe hakununua. Jibu hutafutwa haraka kwenye bei. Katika kazi ya mauzo ya mtandaoni, Dar es Salaam na baadaye Nairobi, nimeona kwamba mara nyingi bei haihusiki: mnunuzi anaogopa kutapeliwa, na haoni sababu ya kumweleza muuzaji hofu hiyo.

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha nadharia inayoeleza kwamba uchungu wa kupoteza huelemea zaidi kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani ileile. Isome nadharia hiyo huku ukimfikiria mnunuzi wa viatu vya shilingi 45,000 za Tanzania. Kupata viatu ni jambo jema kwake, lakini kumtumia fedha mtu asiyemjua, kisha simu ya mtu huyo isipatikane tena, ni hasara pamoja na aibu mbele ya ndugu watakaomwuliza kwa nini hakwenda Kariakoo mwenyewe. Punguzo la shilingi 5,000 haliigusi hofu hiyo. Likiwa kubwa mno huizidisha, kwa kuwa matapeli ndio wanaojulikana kwa bei za kushangaza.

Kwa hiyo kabla ya kubuni ofa, pitia hatua zote anazopitia mnunuzi na uangalie anasita wapi. Piga picha ya mzigo uliopo dukani, si ile ya kiwandani ambayo kila muuzaji anayo. Andika mtaa na jengo hata kama wengi hawatafika. Tumia lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, kwa sababu jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya mteja kuthibitisha muamala lina nguvu kuliko maneno yote ya tangazo lako. Akiona jina la mtu asiyemfahamu, lisilofanana na la ukurasa, huenda akaghairi palepale na usijue kilichotokea. Bei nayo iandikwe wazi. Desturi ya kujibu “njoo inboksi” humfanya mteja ahisi kwamba utamkadiria kwa kuangalia picha yake kwanza, na kusema kweli wapo wauzaji wanaofanya hivyo.

Malipo baada ya kupokea mzigo ndiyo dawa inayojulikana zaidi ya hofu hii, ila gharama yake huhamia kwako. Bodaboda akifika na mteja akawa hapokei simu, nauli ya kwenda na kurudi umeilipa wewe. Njia ya kati iliyonifaa ni mteja kulipa nauli kwanza na bidhaa baadaye, kwani kiasi kidogo hakimtishi, na aliyekwisha kulipa kidogo hupokea simu.

Teknolojia ya malipo imebadilisha pia jinsi watu wanavyoipima bei yenyewe, na hapa ningependa utulie. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Miaka mitano baadaye kampuni ya M-KOPA ilianza kuwauzia Wakenya mitambo midogo ya umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo: mteja alitoa kianzio, kisha akalipa kiasi kidogo kila siku kwa simu, na ndani ya mtambo kulikuwa na laini ya simu iliyoiwezesha kampuni kuuzima kwa mbali malipo yakisimama. Familia iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa kila jioni haikutakiwa kuilinganisha bei ya mtambo mzima na akiba ambayo haikuwa nayo. Ililinganisha malipo ya leo na mafuta ya leo. Bila malipo ya simu, gharama ya kukusanya fedha ndogo hizo nyumba kwa nyumba ingeimeza biashara. Utaratibu huo baadaye ukaenea hadi kwenye simu janja. Funzo kwako ni kuuliza mapema mteja wako anaipimia bei yako kwenye kitu gani, kwa sababu kitu hicho anakichagua yeye, hata usipomsaidia.

Utaratibu huohuo, hata hivyo, una upande wa giza. Kiasi cha kila siku huificha jumla, na jumla hiyo kwa kawaida huizidi bei ya taslimu. Itaje jumla kabla ya mteja kukubali. Wakubwa wako wanaweza kunung’unika, lakini anayeigundua mwenyewe katikati ya mkopo hatanunua kwenu tena na atawasimulia jirani zake. Vivyo hivyo kwa “zimebaki tatu tu” zinazobaki tatu mwezi mzima. Kuhusu bei zinazoishia na tisa sina mengi: kwenye malipo ya simu hazina usumbufu, dukani huleta ugomvi wa chenji.

Mwisho ni taarifa za wateja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo namba ya simu uliyopewa kwa ajili ya kupeleka mzigo si ruhusa ya kumtumia mtu matangazo. Usimwingize mteja kwenye kundi la WhatsApp bila kumwuliza, maana wanakundi huweza kuiona namba yake. Mwombe ridhaa, kisha utumie orodha ya WhatsApp ya kutuma ujumbe kwa wengi (broadcast), ambapo kila mmoja huupokea peke yake. Ujumbe wa aina hiyo huwafikia tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao. Ukituma kwa watu mia mbili na ukawafikia thelathini, umejua ni wangapi wanaokuhesabu kuwa muuzaji wao, na ni hao utakaoanza kuwauliza walichokiogopa siku ya kwanza.