Kabla Hujamlipa Mtu wa Getini, Muulize Jirani

Vitabu vya risiti ni bidhaa ninayouza kila wiki. Kitabu kimoja kina kurasa za nakala mbili mbili, karatasi ya kaboni, namba zimeshachapwa pembeni kuanzia 001, na bei yake haizidi sahani ya chipsi mayai. Anayenunua simuulizi anakwenda kuandika nini. Wengi ni watu wa vikoba, wahazini wa kwaya, wenye nyumba, mafundi seremala. Muhuri wa mpira nao unachongwa mjini mteja akisubiri. Kwa hiyo kila ninapomsikia mtu aliyetapeliwa getini akisema "lakini walinipa risiti, na ina muhuri," natamani nimkalishe kwenye stuli ya dukani nimfungulie kabati ajionee.

Steshenari yangu iko Nzuguni, hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipohamia huku, sehemu kubwa ya mashamba yaliyokuwa yakilimwa mtama na zabibu pembezoni mwa mji imegeuka nyumba zenye kuta ndefu na mageti ya chuma. Saa kumi na mbili asubuhi watu wazima wameshaondoka kwenda Mtumba kwenye ofisi za Serikali, au mjini, na wanarudi giza limeingia. Mchana mtaani wanabaki dada wa kazi, watoto wadogo, bibi na babu waliokuja kuwaona wajukuu, na sisi wa maduka. Unaweza kukaa ukuta kwa ukuta na mtu miaka, ukalijua gari lake na usilijue jina lake. Tapeli anaupenda mtaa wa namna hii.

Waliokuja kwetu walijiita watu wa taka. Vijana wawili, wamevaa vizibao vya kung'aa kama vya wafanyakazi wa barabarani, kitambulisho kinaning'inia shingoni, mkononi kitabu na kalamu. Walikuwa wapole, nalisema hili kwa sababu watu wengi bado wanamtegemea tapeli awe na macho mekundu. Walieleza kuwa nyumba inadaiwa malimbikizo ya ada ya taka, kwamba orodha ya wadaiwa inapelekwa kwa mwanasheria wa jiji jioni hiyohiyo, na kwamba atakayelipa sasa atasamehewa faini. Walipita kama saa nne asubuhi, muda ambao bosi yuko kazini lakini simu yake inapokelewa.

Dada anapiga: "Mama, kuna watu wa jiji hapa getini, wanasema tunadaiwa." Mama yuko kikaoni. Anajibu kwa kunong'ona, anauliza ni shilingi ngapi, anatumiwa namba, anatuma, anarudi kwenye ajenda. Mambo yameisha kwa dakika chache na hakuna aliyemwona mwenzake usoni. Kwangu walimkuta mama mkwe, akawaambia waingie kivulini wamsubiri mwenye mji wake arudi kutoka dukani. Walisema watapita baadaye, wasionekane tena.

Ujanja wa deni la taka ni kwamba lina ukweli ndani yake. Ada ya taka ipo, na halmashauri zina sheria ndogo zinazoiruhusu. Na ni nyumba gani isiyokuwa na mwezi ambao gari la taka halikupita, au limepita na mwenye nyumba hakulipa? Ukiambiwa unadaiwa, moyoni unajibu "inawezekana." Mpangaji ndiyo kabisa. Aliyemtangulia kwenye nyumba hiyo huenda aliacha deni, mwenye nyumba yuko Mwanza na simu hapokei, basi bora alipe yaishe. Deni la kubuni kabisa lingeshtukiwa mapema zaidi.

Ilijulikana gengeni. Mbele ya duka langu kuna mama anauza nyanya, mchicha na mlenda mkavu, na jioni hapo ndipo mahali pekee mtaani ambapo watu wa kuta tofauti wanasimama pamoja. Mama mmoja alikuwa akilalamika kwamba mwezi umemharibikia, ametoa elfu thelathini ya taka ambayo hakuitarajia. Mwenzake akageuka: "Mbona sisi ilikuwa elfu kumi na tano?" Wa tatu, ambaye nyumba yao ilimalizwa kujengwa mwaka huohuo na kabla ya hapo palikuwa na mbuyu na mbuzi tu, alikuwa ameambiwa wanadaiwa miaka mitatu. Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, kila mmoja akaanza kutafuta risiti yake kwenye pochi.

Walizileta kwangu nizitoe kopi. Nikaweka mbili juu ya kioo cha mashine, nikaona zote ni namba 007, za nyumba mbili tofauti, tarehe moja, mwandiko tofauti. Anayeuza vitabu hivi anajua maana yake. Kila kitabu kinaanza 001, kwa hiyo palikuwa na vitabu viwili vinavyotembea kwa wakati mmoja, yaani kulikuwa na kundi la pili upande mwingine wa mtaa. Risiti halisi ya halmashauri haiandikwi kwa kalamu kwenye kitabu cha dukani. Inatoka kwenye mashine ya POS, ile ndogo ya mkononi, au inafuata malipo yaliyofanywa kwa kumbukumbu namba, ile tuliyozoea kuiita kontro namba.

Hapo wengine walikuwa wameshaanza kupaza sauti kwamba ni wezi, waanikwe. Aliyetutuliza ni mzee mstaafu wa nyumba ya kona, Mgogo wa hapahapa, aliyekuwepo kabla ya mageti yote haya. Alitusalimia "Mbukwenyi," akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, twende kwanza ofisini tukaulize. Kama ni wao wa kweli, tutajua. Kama si wao, tutajua pia." Kuna waliomwona mwoga. Mimi nadhani alikuwa na akili kuliko sisi sote. Ingewezekana kabisa vijana wale wawe wameajiriwa na kikundi halali cha kuzoa taka, kisha wao wakajiongezea cha juu. Hilo nalo ni kosa, lakini dawa yake ni nyingine. Na kumtangaza mtu tapeli kabla ya kuhakikisha kunaweza kukugeuzia kesi wewe.

Kuhusu ofisi ya mtaa, watu wageni mjini huchanganya. Mwenyekiti wa mtaa ni wa kuchaguliwa, mara ya mwisho walichaguliwa Novemba 2024. Mtendaji wa mtaa ni mtumishi wa halmashauri, na masuala ya ushuru, ada na ankara ni yake kwa kazi. Balozi wa nyumba kumi ni wa chama. Anaweza kukusaidia kumjua mtu lakini hawezi kukuthibitishia deni. Mtu akija getini akasema "mwenyekiti anatujua," hilo halitoshi hata kama ni kweli. Uliza mtendaji. Sisi mwenyekiti alituambia hana taarifa, mtendaji akatuambia wazi kwamba hakuna aliyetumwa kukusanya malimbikizo mkononi, na kitambulisho walichoonyesha hakikutoka kwake.

Sasa niseme ninachowashauri wateja wangu, maana tangu siku ile wengi wanakuja kuniuliza kama mimi ndiye polisi.

Swali la kwanza getini liwe: kumbukumbu namba iko wapi? Malipo ya Serikali, iwe jiji, maji au faini, yana namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na fedha inaingia kwenye akaunti ya taasisi iliyotoa ankara bila kupita mfukoni kwa mtu. Lakini usiishie hapo. Mjanja anaweza kukupa namba halisi kabisa ya deni la mtu mwingine, ukamlipia shemeji yake faini ya gari. Omba ankara yenyewe, usome jina, usome malipo ni ya nini. Ikiwa ankara haina jina lako wala la mwenye nyumba, usilipe, kaiulizie ofisini.

La pili, simu inakwambia jambo kabla hujabonyeza namba ya siri. Ukituma kwa namba ya kawaida, jina la mpokeaji linatokea. Mama zetu wa kikaoni walikiri baadaye kwamba jina lilitokea, la mtu binafsi, na wakaliona. Walidhani ni mhasibu. Ofisi ya umma haina mhasibu anayepokelea ada kwenye laini yake. Hapa sina huruma nyingi: jina la mtu likitokea, ghairi.

Kodi ya majengo ina habari yake peke yake, na naitaja kwa sababu wale vijana kwa nyumba mbili tatu walibadilisha wimbo wakasema wanadai hiyo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Kwa sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na ya ghorofa ni 7,500 kwa kila ghorofa. Kwa hiyo nyumba yenye mita ya LUKU inayokatwa kila mwezi haina sababu ya kufuatwa na mtu getini kwa kodi hiyohiyo. Ujanja wa mita nao ulikuwepo: mwaka 2024, mita zote zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, mteja alipewa makundi matatu ya tarakimu 20 akaingiza mwenyewe, bure. Mtu anayetaka elfu kumi "akuboreshee mita" anauza kitu ambacho kilikuwa cha bure.

Lakini kama ningepewa ruhusa ya kutoa ushauri mmoja tu, ningesema zungumza na dada wa nyumbani. Mpe maneno kabisa, kwa sababu kumwambia "uwe makini" si maelekezo. Maneno yenyewe ni haya: "Mwenye nyumba hayupo, acheni ankara, atakwenda ofisini mwenyewe." Asifungue geti. Asitoe namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya mtu yeyote, yake wala ya bosi. Katika nyumba kadhaa vijana wale waliomba namba hiyo "ya kujaza kwenye fomu." Waliotoa tuliwaambia wapige *106# waangalie kama kuna laini wasiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chao. Na mwambie dada kwamba hutamgombeza akikataa kulipa. Wengi wanalipa kwa hofu ya bosi, si ya jiji.

Baada ya hapo ajue nyumba ya kumwita. Sisi sasa tumekubaliana kwamba mtu wa ada yoyote akipita, dada anampigia mama wa genge au mimi, nasi tunatoka nje tusimame naye getini. Si jeshi hilo, ni watu wawili wanawake wenye kanga. Mkusanyaji wa kweli hajali kuulizwa mbele ya watu. Yupo aliyekuja juzi wa ada halisi, akaonyesha mashine yake, akatoa namba ya simu ya mtendaji bila kuombwa, tukalipa, akaondoka na soda.

Mmoja wa wale wa uongo alirudi mtaani kwa njia ya nyuma, akatambuliwa na dada. Vijana wa bodaboda wakamzunguka na nilisikia mtu akitaja tairi. Hapo mwenyekiti wa mtaa alifanya kazi iliyomfanya achaguliwe: alimwingiza ofisini kwake, akafunga mlango, akaita polisi. Kijana alikuwa na umri wa mwanangu. Alidai ameajiriwa na mtu anayempa asilimia ya kila risiti na kwamba yeye mwenyewe aliamini kazi ni halali. Sijui nimwamini kiasi gani, lakini angechomwa moto tusingejua hata hilo la mwajiri wake. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka saba. Sheria ipo, iachiwe kazi yake.

Kwa aliyekwisha kutuma, muda ndiyo kila kitu. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, palepale, kabla hujampigia mume wala dada yako kulia. Fedha ambayo mpokeaji hajaitoa inaweza kuzuiwa, ikishatolewa kwa wakala umebaki na kesi tu. Ujumbe wa kitapeli na namba yake vitume kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo. Kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, hata kama ni elfu kumi na tano na unaona aibu. Kwetu mtaani waliokwenda mmoja mmoja waliambiwa wasubiri. Yule mzee wa kona alipowakusanya wote, wakaenda na kopi za risiti, majina ya wapokeaji, tarehe na viwango vimeandikwa kwenye karatasi moja, afisa wa zamu alivuta kiti akaanza kuandika. Kopi zile nilizitoa bila malipo. Nyingine yoyote ni shilingi mia.