Maswali ya Wasomaji: Mbona kila mgonjwa wa kambini "ameridhika"?

SWALI: Wahariri, salaam. Ninatunza takwimu katika zahanati ya jeshi hapa Tanga. Tunatibu askari, familia zao na raia wa mitaa ya jirani. Kila robo mwaka tunagawa dodoso, na kila mara zaidi ya asilimia 90 wanasema wameridhika. Lakini kwenye benchi la dirisha la dawa nasikia manung'uniko tu. Tunakosea wapi?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Liamini benchi, ndugu yetu. Askari wa cheo cha chini akipewa karatasi na mhudumu mwenye sare, na karatasi yenyewe ina nafasi ya jina na namba ya jeshi, atajibu la kumlinda. Ondoeni jina, namba na kikosi. Cheo nacho msikiulize. Andikeni tu kama ni askari, mtegemezi au raia, maana wiki ambayo maafisa waliotibiwa ni wawili, cheo peke yake kinamtaja mtu.

Muulizaji awe raia asiye mtumishi wa hapo, na amhoji mgonjwa akiwa ameshachukua dawa. Anayehojiwa kabla ya dawa huogopa kuudhi watu. Marekani dodoso la wagonjwa wa nje wa jeshi, JOES, lilianza mwaka 2016 likaunganisha madodoso ambayo kila jeshi lilikuwa likiendesha kivyake, na mgonjwa hutumiwa akiwa ameshaondoka hospitalini.

Kisha punguzeni "umeridhika?". Ulizeni yaliyotokea: Uliambiwa unaumwa nini? Ulielezwa dawa unywe mara ngapi, kwa siku ngapi? Ulipata dawa zote ulizoandikiwa? Majibu ya namna hii yanaonyesha pa kurekebisha.

Muda wa kusubiri msiuulize kabisa, upimeni. Mpeni mgonjwa kikaratasi mapokezi. Kila kituo (daktari, maabara, dawa) kiandike saa aliyofika. Hapa ndipo takwimu nyingi za kambini huharibika: karani raia anaandika 2:10 kwa saa za Kiswahili, askari wa maabara anaandika 0825 kwa saa za kijeshi, na saa ya ukutani ya dirisha la dawa iko nyuma dakika kumi. Ukijumlisha, kuna mgonjwa aliyepata dawa kabla hajamwona daktari. Chagueni mtindo mmoja wa kuandika na mlinganishe saa zote kila asubuhi. Mkipata dakika, wapangeni wagonjwa kuanzia aliyesubiri kidogo hadi aliyesubiri sana, mchukue wa katikati. Wastani huvutwa na mmoja aliyekaa saa tano. Fanyeni hivyo kwa kila kundi peke yake, ndipo mtaona kama raia wanarukwa kwenye foleni.

Idadi: watu 96 wanatosha kwa makadirio yenye kosa la asilimia 10 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, mkitaka kosa la asilimia 5 ni 384. Mkiona wagonjwa 60 kwa siku, kwa siku tano ni 300, basi mhoji kila wa tatu, wa kwanza apatikane kwa kura. Jumatatu isiachwe kwa sababu ina msongamano. Waliokataa wahesabiwe pia. Na mkiwagawa hao 100 kwa makundi matatu, tofauti ya asilimia tano kati ya kundi na kundi msiitangaze.

SWALI: Wagonjwa wakisema wameridhika kwa kweli, si ushahidi kwamba tiba ni nzuri?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Hapana. Mwenye mafua aliyepewa antibayotiki asiyoihitaji huondoka na furaha. Ubora wa tiba utafuteni kwenye rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) na mafaili: kati ya waliopewa dawa mseto ya malaria, wangapi kipimo chao kilionyesha vimelea? Kati ya wenye shinikizo la damu, wangapi safari ya mwisho walikuwa chini ya 140/90, na wangapi hawakupimwa kabisa? Hao wasiopimwa wabaki kwenye hesabu. Wakiondolewa, zahanati isiyopima ndiyo itakayoonekana bora kuliko zote.