Injini Mpya Si Mzazi wa Siku Arobaini

Fundi wangu wa kwanza alipomaliza kuifanyia injini ya gari langu ovaholi, yaani kuifungua na kuijenga upya, alinikabidhi ufunguo akaniambia, "Mdogo wangu, injini hii sasa ni kama mzazi. Siku arobaini usiisumbue." Nikamtii kuliko alivyotarajia. Gari ni Subaru Impreza ya turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, injini EJ20 ya lita mbili, na nilikuwa nimekaa miezi minne bila usafiri nikisubiri spea zije na basi kutoka Dar. Kwa hiyo mwezi mzima nililiendesha kama nimebeba trei za mayai. Ipuli hadi sokoni, sokoni hadi Cheyo, resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, haivuki 2,000. Jumapili moja nikatoka nalo Tabora hadi Nzega na kurudi, mshale wa spidi umekaa kwenye 60 utadhani umepigiliwa msumari. Kabla sijafika Puge, bodaboda aliyebeba mbuzi alinipita na kunipungia mkono.

Kilomita 2,000 hazijaisha, gari likaanza kula oili. Lita nzima inakwisha kabla sijamaliza kilomita 800, na kila nikikanyaga mafuta kwa nguvu, nyuma unatoka moshi wa bluu. Injini ikashushwa tena. Ringi, zile pete za chuma zinazozunguka pistoni, zilikuwa bado mpya. Ila kuta za silinda zilikuwa zinang'aa kama kioo cha kabati, na hapo ndipo fundi wa pili, mzee mmoja wa Isevya ambaye gereji yake ni miembe mitatu na kipande cha bati, alinionyesha kosa langu kwa kidole.

Silinda ikishapigwa honi, yaani kusuguliwa ndani kwa mawe ya kunolea, hubaki na mikwaruzo midogo inayokatizana, kama msuko wa mkeka. Mikwaruzo hiyo hushika oili, na ncha zake ndizo zinazosagana na ringi mpaka vyote viwili vizoeane. Ringi nayo haijibani ukutani kwa nguvu zake yenyewe tu. Petroli inapowaka juu ya pistoni, presha ya gesi hupenya nyuma ya ringi na kuisukuma ukutani. Ukikanyaga kidogo, presha ni ndogo, ringi inateleza juu ya oili bila kusaga chochote. Oili hiyo inaungua pale pale, inakuwa kama vanishi, inaziba mikwaruzo. Ikishafika hapo, hata uendeshe kilomita 10,000 ringi hazitakaa. Dawa ni kufungua na kupiga honi upya, na pesa yako imekwenda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Injini iliyofanyiwa ovaholi jembe inapewa siku ile ile ya kwanza. Lakini jembe, si adhabu. Kuna vijana wanaosikia maneno haya halafu wanatoka getini wakiwa na turbo imejaa na resi 7,000. Hao nao nimewaona wakirudi wamevutwa kwa kamba.

Kabla hujawasha, kuna jambo ambalo mafundi wengi huliruka kwa sababu mteja anapiga simu kila saa. Kama injini ya zamani ilikufa kwa kunoki, yaani beringi zake kusagika mpaka zikagonga, vyuma vya beringi vilivyosagika bado vimo ndani ya njia za oili. Vimejificha kwenye mipira na mabomba ya turbo, kwenye kile kichujio cha waya kinachofyonza oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na zaidi ya yote kwenye kipoza oili, kile kidude kinachokaa pale filta inapofungwa. Mabomba yanasafishika. Kipoza oili mimi nilinunua kingine, kwa sababu hakuna anayeweza kuona ndani ya vijia vile. Iliniuma kulipa. Lakini beringi mpya zikilishwa chenga za beringi za zamani, hazimalizi wiki.

Kisha tulijaza oili ya kawaida ya 15W-40, si sintetiki. Kwa maneno ya mzee, ile ya gharama ina utelezi ambao kwa sasa hatuuhitaji. Tunataka visagane kidogo. Tukatoa plagi zote, tukachomoa soketi za koili na za nozeli zinazopulizia petroli, tukapiga stata kwa sekunde kumi kumi huku tukiipumzisha, mpaka taa ya oili ikazimika. Hapo beringi na turbo zimepata oili kabla ya moto wa kwanza. Na kama umebadilisha nozeli, kompyuta ya gari ipangwe kwanza, angalau kwa makadirio mazuri. Petroli ikizidi inaosha oili ukutani, na injini mpya inajisaga pakavu.

Ilipowaka, mzee hakuiacha iungurume sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta. Aliishika kwenye resi 1,800 hadi 2,000 huku mimi nikimulika tochi chini kutafuta panapovuja. Injini hizi za pistoni kulala huficha hewa kwenye maji, kwa hiyo hita tuliifungua yote na rejeta tukaijaza kidogo kidogo hadi mapovu yakaisha. Geji ya joto sikuiondolea macho. Mwezi wa kumi Tabora hata ukiegesha kivulini chuma kinaunguza mkono.

Nilisikia mlio, tak tak tak, nikashikwa na tumbo. Mzee akacheka. Nilikuwa nimeweka pistoni za kufuliwa, yaani zilizoundwa kwa kugandamizwa na si kwa kumiminwa kwenye kalibu, na hizo zikipata joto hutanuka zaidi ya zile za kiwandani, kwa hiyo hufungwa na nafasi kubwa kidogo. Zikiwa za baridi hugonga ukuta, zikipata joto hunyamaza. Zilinyamaza. Ukisikia mlio ambao joto likipanda ndio unazidi, zima gari hapo hapo.

Dakika ishirini zilipotimia tukazima na kumwaga oili yote ikiwa bado ya moto. Ndiyo, oili mpya kabisa. Filta mzee aliikata kwa msumeno, akaikunjua karatasi yake juani na kupitisha sumaku. Vumbi la chuma laini kama unga wa masizi ni kawaida, ni zile ncha za mikwaruzo. Ukiona vipande vyenye rangi ya shaba, au vinavyomeremeta ambavyo sumaku haivigusi, hiyo ni beringi au pistoni, na gari haliendi popote.

Sasa barabara. Shida ya mkoa wetu ni kwamba umenyooka. Mwenzetu wa Kigoma ana vilima vya kumpandisha na kumshusha, sisi tuna lami tambarare inayokushawishi uweke mguu mahali pamoja na kusahau. Injini mpya haitaki spidi moja. Ikabidi nitengeneze vilima kwa mguu. Gia ya tatu, resi 2,500, nakanyaga nusu mpaka 4,500, kisha naachia kabisa bila kugusa klachi, gari lishuke lenyewe. Kule kuachia kuna kazi yake: ndani ya silinda panakuwa na mvuto unaopandisha oili kwenye ringi, inapoza na kusafisha masizi. Nikarudia mara kumi na kitu, katikati nikiendesha taratibu ili joto lipungue. Vibao vya 50 kwenye vijiji, ambavyo huwa navilaani, siku hiyo vilinifaa: kila kijiji ni kupunguza, kila kibao cha kutokea ni kukanyaga.

Mwanzoni nusu ya mafuta, baada ya kilomita 200 robo tatu, resi nikiongeza mia tano kila baada ya safari mbili tatu. Presha ya turbo iliachwa ile ya springi ya westigeti, kile kilango kinachopunguza presha ya turbo, peke yake, hakuna kuongeza kitu kwenye kompyuta mpaka kilomita 1,500. Oili nilibadilisha tena kwenye 500, na tena kwenye hiyo 1,500, kila mara na filta mpya, kila mara tukiikata. Ya tatu sumaku ilitoka safi. Sintetiki niliiweka baada ya 3,000.

Kijiti cha oili kilikuwa kinanipa wasiwasi kila asubuhi. Safari mbili za mwanzo kilishuka kidogo, kisha kikasimama. Asubuhi nyingine gari bado linatoa kimoshi kidogo likiwaka. Pistoni zikilala hivi, oili huchuruzika na kutulia silindani usiku, na kimoshi hicho kinakata kabla sijatoka getini.

Jambo la mwisho, na hili ni kosa langu, halina fundi. Injini ya kiwandani niliiua mwenyewe kwa kufunga filta ya hewa ya koni, ile inayokaa wazi chini ya boneti, kwa ajili ya mlio tu. Vumbi letu la kiangazi lina mchanga, na mchanga ukiingia silindani kazi yake ni ya msasa. Safari hii limerudi boksi la kiwandani na filta ya karatasi, naipuliza kila wiki na kuibadilisha mapema. Mlio umepungua. Mzee ananitania kwamba sasa naendesha gari la mwalimu mkuu.